Maili Sitini kwa Saa

Ni pale daraja la Mto Milk linapokutana na lami,
kabla hujafika Malta, ghala za ngano kushoto,
pale chuma kinapogonga chini ya tairi: ko.
Halafu usukani unaanza.

Si kutikisika. Kutikisika ni kwa magari ya mjini.
Huu ni ugomvi. Magurudumu ya mbele yanabishana,
kushoto-kulia, kushoto-kulia,
kahawa inaruka kikombeni, ndama kumi na mmoja
wanapiga kwato ndani ya trela,
na baba yangu, Orrin Tveit, ameng'ang'ania usukani
kama anayemzuia fahali kwa pembe,
hamsini, arobaini, thelathini,
mpaka pikapu inakumbuka adabu.

"Stabilaiza," akasema. "Imekufa."
Akapangusa viganja kwenye suruali, akavitia mfukoni.

Jumamosi, baridi ya kunasa ngozi kwenye spana,
banda la trekta likawa gereji.
Shokapu za zamani tulizing'oa kwa nyundo
na kwa matusi ya Kinorwe,
ndiyo mabaki pekee ya lugha ya babu.
Zilikuwa zimevuja, vumbi la miaka limeganda kwenye oili.
Moja niliisukuma kwa kiganja: ikazama, haikurudi,
kama muumini aliyepiga goti
akasahau alichokuja kuomba.

Mpya zilikuja zimefungwa ukanda. Ukiukata,
chuma hujinyoosha chenyewe, taratibu, bila kuulizwa.
Nami, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu,
nilikata zote nne ili nitazame tu,
kisha nikahangaika kuzibana tena.
Sijutii.

"Nati hii funga wewe," baba akasema. "Macho yangu."
Nikafunga. Na ile nyingine. Na ile nyingine.

Delphine Azure, dereva wa basi la shule,
alikuja kuazima pampu ya grisi, akaishia chini ya gari.
Aliitazama stabilaiza yetu, nyekundu, nene, inang'aa,
bei ya ndama mgonjwa.
"Blanketi zuri," akasema. "Homa iko wapi?"
Akaniamuru nizungushe usukani, kidogo huku, kidogo kule,
akaweka kidole pale fito la ekseli linaposhikana na chesisi:
bushi imeliwa, bolti inacheza ngoma peke yake tunduni.
"Dola kumi na nne. Bila hii, hiyo nyekundu
ingewafichia ugonjwa mpaka siku haufichiki."

Baba alicheka
kuliko mzaha ulivyostahili.

Jumatatu, trela nyuma, yeye kwenye usukani.
Siku zote yeye kwenye usukani.
Miaka miwili nimeomba niendeshe, miaka miwili akajibu:
hujui tabia ya gari hili.
Daraja likaja. Nikakishika kikombe.
Ko.
Na basi.

Maili sitini kwa saa, pikapu imetulia kama bakuli la maziwa mezani,
shokapu zinameza mabonde ya barabara kimyakimya,
hata ndama wamenyamaza.
Nikageuka nimpongeze.
Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kinatetemeka.
Kisha kiganja. Kisha mkono mpaka kwenye kifungo cha shati,
mdundo uleule, kushoto-kulia,
na chini yake usukani umetulia tuli,
haumsaidii tena kwa kisingizio chochote.

Aliona nimeona.

"Tangu lini?"

Ghala moja likapita. La pili.
"Nilidhani ni gari," akasema. Kisha, kwa sababu hajui kudanganya
zaidi ya sentensi moja: "Nilitaka iwe gari."

Akawasha indiketa, ingawa nyuma yetu
hapakuwa na mtu maili kumi nzima,
akaegesha polepole, kwa uangalifu wote,
na kabla ya kushuka
akakisogeza kiti mbele, kiasi cha miguu yangu.