Rupia ya Kukunja

Kitabu cha ami Shee,
nondo wamekila wee,
sitaki kipotelee,
nakisoma Mkomani.

"Uikate mara mbili,
mpira wa suruali,
kaza, lakini si kali,
uupitishe kingoni."

Mama asema: hirizi.
Somo: ni kazi ya mwizi.
Sonara: mimi siwezi
kujua ni kitu gani.

Na vipande vya rupia
viganjani vyatulia,
mpira umejifia,
vitatu, hapa dakani.

Pembeni: "Siku ya Idi,
chupa ya soda, baridi,
Mwanesha awe shahidi,
ashike chupa shingoni."

Mwanesha ndimi. Naona
shingo ndogo, fedha pana,
mara ndani yagongana
ikicheka kiooni.

Mama: "Umepata jibu?"
Nimekifunga kitabu.
"Hirizi. Tena ya tabu."
Naifundika pindoni.