Mbao Tatu

Mwuzaji ameniachia bei, jalada lake gumu, linang'aa:
boti ya fibagilasi, injini mbili za petroli,
viti ishirini vya rangi ya chungwa,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
miezi thelathini na sita ya kulipa.
Nimeikandamiza kwa spana namba kumi na saba,
upepo wa Masese usiichukue kabla sijaamua.

Naigaga ana miaka thelathini na mmoja majini.
Mbavu za mvule, tumbo pana,
kijumba cha usukani ambacho mlango wake haufungi
tangu tulipobeba ng'ombe wa mahari ya Isabirye
na mmoja akakataa katakata kuiona Buvuma.
Dizeli yake haina haraka. Inakohoa mara tatu,
inatema moshi, kisha inasema neno lake moja,
lile lile, mpaka Lwajje.

Jumamosi nilijaribu hiyo mpya.
Ssentongo wa kampuni, miwani ya jua utosini,
akasukuma mkono mmoja tu
na ziwa likawa lami.
Tulifika sijamaliza kumenya yai langu.
Niseme kweli: nilicheka kama msichana.
Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda,
na siku ile sikuhisi kidonda chochote.

Usiku nikapiga hesabu kwa kalamu ya mwanangu.
Petroli, lita kwa lita.
Abiria wanaolipa.
Abiria wanaosema, Mama Tenywa, mukene ikikauka nitakuona.
Magunia ya mkaa, mabati, godoro, mbuzi, jeneza
(jeneza litakaa wapi kwenye viti vya chungwa?)
Nikafuta. Nikaandika tena.
Wenye haraka wamekwisha kunihama;
wananipita wakiniachia mapovu,
nawapungia mkono, hawageuki.
Na yuko Nabirye, aliyejifungulia kwangu mwezi wa tatu,
kati ya mafuta na mihogo, nchi kavu ikiwa bado mbali.
Mtoto mzima, mnene, amepewa jina la boti.
Watu hunipongeza.
Mimi hukumbuka saa mbili zile
nilivyousukuma ule mkono wa gia
ambao ulikuwa umekwisha kufika mwisho.

Jumatatu akaja fundi Mugoya na bisibisi kuukuu.
Tulikuwa tumemkokota Naigaga hadi mchangani, kama kiboko aliyechoka.
Akaanza kumdunga ubao baada ya ubao,
sikio karibu, hasemi.
Kavu. Kavu. Kavu.
Nyuma, chini ya shafti, bisibisi ikazama hadi mpini.
Akaichomoa, akainusa ncha, akaipangusa kwenye suruali.
"Mbao tatu," akasema. "Na gasketi ya pampu ya maji.
Mengine ni rangi."
"Na mwendo?"
Akatazama ziwani, boti ya mtu ikilichana.
"Mwendo sina."

Sikumjibu. Nilimlipa ya mbao.
Siku nne za randa na nyundo, harufu ya lami ikichemka koponi,
na mimi nikizunguka mzunguko wa mwanamke asiyejua
kama ametibu au ameahirisha.

Ijumaa tukamrudisha majini.
Duka la vipuri limefungwa, mwenyewe yuko msibani.
Mugoya akachungulia kijumbani,
akainua spana, akakunja jalada, akalikunjua.
"Hili bado unalitaka?"

Kwanza nikanakili nambari ya Ssentongo ukutani,
kwa mkaa, herufi kubwa, pembeni ya usukani,
kwa ajili ya wenye uchungu:
huyo atakuja mbio, na nauli nitalipa mimi.
Kisha nikampa Mugoya mkasi.

Akakata duara katikati ya viti vya chungwa,
akatoboa matundu manne ya boliti,
akapaka grisi pande zote mbili, akakaza.
Dizeli ikakohoa mara tatu.
Tukainama wote wawili, tochi mdomoni mwake,
tukaiangalia pampu.

Haivuji.
Kwa leo, haivuji.