Jiwe la Sikio

Kwa mwalimu utakayelipokea sanduku hili baada yangu,
ng'ambo ya ghuba, feri ikijaliwa kuvuka barafu:

Fomu inataka nijaze kilichopotea, kilichovunjika, kilicholowa.
Nimejaza. Lakini nafasi ni finyu kama dirisha la choo
na mimi nina maneno ya ukumbi mzima.

Ramani ya mikondo imechanika pale Greenland inapoanzia.
Hadubini ni nzima. Wavu wa planktoni ulitoboka,
Dulcie akaushona kwa uzi wa kusafishia meno.
Ule ufagio wa kinywani mwa nyangumi
kila mtoto ameupitisha shavuni. Usiwakataze.

Sasa fungua kijaluba cha mawe ya sikio,
mawe ya chewa wa maji baridi, meupe, kama kucha za mtoto.
Orodha inasema kumi na mawili.
Utayakuta mia mbili na ushee.

Jumanne yalikuwa kumi na moja.
Nilihesabu mara tatu, kisha nikatazama viatu,
maana viatu hukiri kabla ya midomo.
Cyril Pardy alikuwa amekunja vidole ndani ya buti.
Sikumwuliza. Shule yetu ina watoto tisa;
ukimwaibisha mmoja, umeiaibisha barabara yote.

Jumatano akaja na bibi yake.
Bride Pardy, miaka ishirini na miwili
kwenye meza ya kiwanda, kisu mkononi, barafu viatuni,
mpaka siku bahari ilipofungwa kama duka lenye deni.
"Walituambia miaka miwili," alisema, koti bado mwilini.
"Miwili tu. Mama yake huyu alikuwa angali kwenye nepi."

Akaweka kopo la siagi juu ya meza yangu.
Lilichakarika kama mvua ya mawe juu ya bati.
"Tulikuwa tukiyatia mfukoni, ya bahati.
Hakuna aliyetuambia kwamba yanasomeka."

Basi nikafuata mwongozo, ukurasa wa tisa:
livunje jiwe katikati, lichome kidogo kwenye mwali,
tia tone la mafuta, lilaze chini ya lenzi.
Pete ya kiza, pete ya nuru,
baridi, joto, baridi, joto,
samaki hujiandikia umri
palepale anaposikilizia.

(King'ora cha moshi kililia. Tukatoka sote thelujini,
mimi na kibiriti changu mkononi kama mwizi aliyenaswa,
tukarudi, tukaendelea.)

Jiwe la sanduku, la mwaka juzi: pete tano.
Jiwe la kopo: Cyril alihesabu kwa ncha ya sindano,
akafika kumi na saba, akapotea,
akaanza upya.
Kumi na tisa.
"Mkubwa kuliko kaka yangu," Dulcie akasema,
"na kaka yangu anaendesha gari."
Bride hakusema kitu. Alivua koti.

Nilikuwa nimeandaa somo la matumaini, lenye chati.
Akanikata: "Hao wa pete tano, wanarudi?"
Nikasema kweli, maana watoto walikuwa wananitazama mimi:
wanarudi polepole; wako wasemao hawajarudi;
wako ambao tayari wanaulizia nyavu.

Akaivuta hadubini kwake, akafumba jicho lisilohusika.
"Sisi tulifundishwa ratili," alisema ndani ya lenzi.
"Ratili ngapi kwa saa. Ubao ulikuwa ukutani, majina yetu yote.
Miaka haikuwa na safu yake."

Alikaa mpaka kengele, akikosoa mchoro wa ukutani:
pezi la tatu limewekwa mbele mno.
Kweli, limewekwa mbele mno. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo, mwenzangu: vilivyoongezeka, mawe mengi, yatumie,
yavunje bila huruma, kwa hilo aliyaleta.
Choma nje ya mlango.
Na kwenye safu ya vilivyopotea
nimeandika: jiwe moja.

Najua liliko. Liko mfukoni mwa mtu wa miaka kumi
anayeligusa kila anapopita gatini.
Usilidai.