Daftari la Endel

Mzee Endel alitunza saa za reli miaka thelathini na mmoja
na kustaafu hajui. Hupima chai ikipoa.
Hupima barafu ikidondoka toka ukingoni mwa paa letu,
hapa Viljandi, mtaa wa nyumba za mbao,
mimi chini, yeye juu,
kati yetu ngazi inayolia kila hatua ya nne.

Mwezi wa sita Maarika wa duka la mbegu
alimletea mkebe wa mnanaa wa paka:
majani ya kijivu yenye vinyweleo, si ya kupendeza.
"Yavunje kidogo," alisema, "kisha usogee."

Endel akasogea, saa mkononi, daftari gotini.

Pipar, dume la rangi ya chungwa, alinusa mara moja
akapandwa.
Neno jingine sina. Akapandwa, kama mtu aliyesikia ngoma yake,
akajibwaga, akagaagaa, akasugua shavu ardhini,
miguu ya nyuma ikiipiga mateke hewa isiyo na kosa.
Dakika sita na sekunde kumi. Kisha akainuka,
akalamba bega moja, akaenda zake.

Tuhk hakucheza na mtu.
Alilikalia lile jani, udenda ukimtoka,
akamngurumia Pipar, akaingurumia ndoo, akaningurumia mimi.
Kuna walevi wa kuimba na walevi wa kudai madeni.

Kitoto cha Maarika, cha wiki tisa, kilikanyaga jani
kikikimbilia kivuli cha nzi.
"Bado," aliandika Endel.

Halafu Nurr, paka wa mkewe, mweusi mwenye soksi moja nyeupe.
Alinusa. Akakaa
kama mwalikwa wa harusi ya watu asiowajua,
anayengoja sahani zipite.
Dakika tano. Dakika ishirini na mbili.
Endel akachora mstari mrefu: hana habari.

"Kama mmoja kati ya watatu yuko hivyo," nilimwambia.
"Ni damu, hurithiwa. Si kiburi."

Hakujibu. Alichuma jani, akalisugua kiganjani, akalipeleka puani,
naye akakaa vilevile.
Tangu homa ile ya majira ya baridi pua yake ni pambo.
Kahawa kwake ni maji moto yenye rangi;
mkate ukiungua, hujulishwa na macho.
"Linanukaje?" aliuliza. Nikatafuta.
Mnanaa, nikasema, na nyasi kavu, na, sijui,
kabati la mtu anayejiheshimu.
Akaandika hilo pia. Nurr alikuwa akimtazama.

Leili alikufa Novemba.
Moyo wake ulikuwa ukiruka hatua,
naye huusaidia kwa matone ya valeriani, kijiko gizani,
mengine yakianguka popote.
Endel alifua mashuka, akagawa makoti.
Alisema nyumba haina kitu chake tena, hata harufu,
na kama ipo, yeye ataijuaje.

Februari, theluji imefika kwenye kitasa,
nilisikia kishindo juu. Nikapanda; ngazi ikalia, ikalia.
Endel amesimama jikoni bila viatu.
Sakafuni, Nurr, yule asiye na habari,
amejiviringisha ndani ya skafu ya sufu ya kijani
iliyokuwa imeangukia nyuma ya kochi tangu sijui lini.
Anaitafuna. Anaipiga vichwa. Analia sauti
ambayo sikujua anayo,
udenda hadi kifuani, soksi nyeupe imeelekea dari.

Niliinama nikanusa: mizizi, soksi za juzi,
na chini yake, kwa mbali, sabuni ya Leili.
Nikafungua mdomo.
"Najua," alisema Endel. "Nimeona."

Saa ilikuwa mezani. Hakuigusa.
Nililiona daftari baadaye: tarehe, jina la paka,
na upande wa dakika, wazi.