Kifua

Beji ya kwanza iliandikwa Msuluhishi.
Ya pili, Mpatanishi wa Migogoro ya Kazi.
Hii ya mwaka huu, iliyokuja kwa bahasha na kamba yake ya kijani,
inasema Mwezeshaji wa Mageuzi.
Zote zimo kwenye droo moja na betri zilizokwisha,
na picha ni ileile: Otylia, shingo imekazwa
kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Huku kwetu Silesia, baba alipoanza kuugua kifua
hakuna aliyeuliza kimetoka wapi.
Makaa yalitulisha sisi, yakamla yeye.

Mimi nami nikapata kifua, cha namna nyingine:
neno analosema mtu asipokuwa na shahidi
huingia, halitoki.
Miaka ishirini na sita.
Daktari hubandika chuma chake baridi mgongoni,
vuta pumzi, anasema, toa,
kisha anaandika: hamna kitu.

Juzi tulikaa hadi saa tisa usiku.
Hoja ya saba: tarehe ya kuufunga mgodi wa Zefiryna.

Zamani tuligombania sabuni, viatu, senti za zamu ya usiku,
vitu vya kukatika.
Nilikuwa fundi wa kisu: huku kidogo, kule kidogo,
kila mtu akaondoka na njaa yake nusu.
Lakini mwisho unaukata vipi?
Nani atachukua kipande chenye maganda?

Ewald Kopiec aliweka kofia magotini.
Miaka thelathini chini ya ardhi imempaka wanja,
ule mweusi wa kopeni usiokubali sabuni,
hata kanisani, hata siku ya harusi ya bintiye.
Mbele yake Bi Bnin wa wizara, umri wa bintiye huyo,
wanja wake wa dukani, majedwali yake yenye rangi.
"Wewe hujawahi kushuka," alisema Ewald.
Naye akafungua ukurasa wa kumi na nne.

Nikaomba dakika kumi.

Chooni nilimkuta Bi Bnin, wanja umeteremka hadi mashavuni,
akaniambia jambo.
(Hapa nanyamaza.)
Kwenye ukumbi, penye mashine ya kahawa inayomeza sarafu,
Ewald akaniambia jambo.
(Na hapa.)
Mambo yale mawili, laiti yangeonana,
yangeangukiana mabegani kama ndugu waliopotezana stesheni.
Nilikuwa nayo yote mawili, moja kila pafu.
Nikarudi, nikaketi,
nikauliza nani anataka chai.

Kaka yangu Alojz hunitupia swali Jumapili, mdomo umejaa viazi:
"Hivi wewe uko upande gani?"
Upande wa meza, humjibu,
na yeye hucheka kwa namna isiyonifurahisha.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo isemwavyo.
Mimi jembe niliwaachia wenyewe, nikachukua kiti.
Na wakipatana, hilo kapu la mavuno sijawahi kuliona:
hupeana mikono juu ya kichwa changu
nami nakusanya glasi.

Hatukuafikiana. Tumesogeza hadi Jumanne.

Nje, theluji ilikuwa imeshaanza kuwa tope,
na gurudumu la mnara lilikuwa limesimama,
ingawa usiku ule hakuna aliyekuwa ameamua chochote.
Ewald alinishikia mlango.
"Na wewe," akasema, "Zefiryna ikifungwa,
utapatanisha nani?"

Nilifungua mdomo.
Maneno yangu ya kazini yalikuja yote kwa pamoja,
nikayaona yalivyo, yamevaa beji.
Niliyarudisha.

Akasimama palepale kwenye baridi, kofia mkononi,
akanisubiri kama nilivyomfundisha mwenyewe:
bila kukatiza.