Wapangaji Bilioni Kumi

Karibuni, wapangaji wangu.
Lebo inasema mpo bilioni kumi kwenye kidonge kimoja
na mimi nimekubali, maana mfamasia wa Pasiansi
alihesabu elfu sitini zangu bila kutabasamu.
Mmelala mlangoni mwa friji
kati ya ndimu na insulini ya mume wangu,
bakteria wema, mnangoja asubuhi.

Niwaambie mapema, msije mkasema mlidanganywa:
nyumba mnayohamia imebomolewa.
Zamani ilikuwa na sebule.
Sufuria nzima ya ugali wa muhogo iliingia ikakaa,
sato akafuata, kichwa na mkia,
na mlango ulikuwa bado wazi.
Daktari akakata, akashona,
akaniachia chumba kimoja chembamba kama ndizi.

Kilo hamsini na sita zimeondoka.
Ni zaidi ya gunia la dagaa
na hakuna aliyenipa risiti.
Pale Mwaloni, Kirumba, walioniita Bosi
sasa wananipima kwa jicho, sado kwa sado:
Mama Ngolo kanyauka.
Ni ule ugonjwa.
Si ugonjwa, ni madeni.
Kijana wa kupakia ameniuliza, kwa huruma kabisa,
kama nina nguvu ya kushika kalamu.

Sasa sikilizeni, kwani mtaona tu.
Saa nane usiku naamka bila kandambili.
Nyuma ya pakiti za chumvi kuna karanga.
Natafuna,
natafuna mpaka zinakuwa uji,
natema kwenye kikombe cha bati,
nafunika na kisosi,
namwaga mtaroni kabla ya adhana.
Kuna usiku nimekunywa soda, nusu chupa, kwa pupa:
moyo mbio, jasho, magoti maji,
nikalala shavu juu ya saruji ya jikoni
nikisikiliza friji ikinguruma
na nyinyi ndani yake, mmestarehe.

Mchana nahesabu vijiko.
Msibani Buhongwa nilichorachora kwenye pilau
kama mtoto wa chekechea,
nikampa sahani binti wa jirani, nikasema nimeshiba.
Uongo.
Neno hilo sijui tena linakaa wapi mwilini.

Walikata tumbo. Njaa haikuwa ikiishi humo.
Ilipanga chumba cha juu, karibu na paa,
tangu mwaka ule tulipogawana michembe sita
watoto tisa,
na mama akasema yeye alikula huko alikotoka.
Haina mkataba. Kodi hailipi.
Dalali gani ataitoa?

Muuguzi Kwandu hakunificha:
"Vidonge vitapunguza gesi, labda.
Kikombe chako cha bati havikifikii.
Kuna mtu wa kuongea naye, kila Alhamisi."
Alhamisi mbili zimepita.
Nilikuwa na mzigo wa kupokea.
Mzigo wenyewe ulifika Ijumaa.

Shangazi Nshoma kaja kutoka Magu na kibuyu cha maziwa ya mgando.
Akageuza kichupa chenu, akauliza bei,
akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga.
"Uchachu unaununua? Sisi tunautunza!"
Kisha akanyamaza, akanitazama viganja.
"Ukimimina, usimalize.
Usikisugue kwa sabuni.
Acha kidogo chini, hicho ndicho kitaita kingine."

Kuacha kidogo.
Mimi, niliyeweza kumaliza yote
na baadaye nikaweza kutogusa kabisa,
hilo la katikati sikuwahi kufundishwa.

Leo jioni nimewasha taa.
Nimekaa mezani, mume wangu mbele yangu,
kijiko kimoja cha maziwa, kizito, kikali,
kimeshuka polepole hadi chumbani kwenu.
Sikuhesabu cha pili.
Cha tatu nilikihesabu.

Kibuyuni nimebakiza.
Kikombe cha bati nimekiosha,
nimekianika dirishani.
Sijakitupa.