Herufi Mbili

Miaka kumi na tisa mahakamani Butere
nilikaa kati ya kizimba na meza ya hakimu,
napokea Kiswahili kwa mkono huu,
natoa Kiingereza kwa ule.
Mshahara wa karani. Kiti bila mto.

Jumanne moja, mvua ikipiga mabati,
Mzee Mukolwe alisimama kutoa ushahidi:
"Baiskeli ilipatikana na Ambetsa."
Akakohoa, akanyamaza.
Hakimu akainua kalamu, ananisubiri.

Nami nimekwama kwenye hiyo "na".
Ni Ambetsa aliyeiokota mtaroni, kando ya miwa,
akaipeleka kwa chifu?
Au alikutwa nayo, mkono kwenye usukani?
Sisi hatuoni shida. Nina mtoto, nina deni, nina njaa:
kumiliki kwetu ni kuandamana,
na njaa ni mtu mliyekutana njiani.
Niliolewa na Shiundu, nikaachwa na Shiundu,
nimebaki na Shiundu mdogo.
"Na" ile ile, haijabadilisha hata shati.

Kiingereza kilitaka nichague.
Nikalikumbuka "by" lao, herufi mbili kama letu.
Madamu Khayesi alituambia chuoni
kwamba hapo kale lilikuwa jirani tu:
kando ya, karibu na, ubavuni pa.
Karne zikapita,
aliyesimama kando ya tendo
akaja kuitwa mtenda.
Tulicheka, tukanakili.

Ambetsa alikuwa akinitazama.
Sandali za tairi, tope hadi kwenye vifundo,
kijana aliyesimama kando ya kitu.

Ningeweza kusema: Mheshimiwa, naomba tumuulize mzee tena.
Dakika moja tu.
Lakini ilikuwa saa saba kasoro, na njaa ilikuwa nami.
Nikasema "with".
Likatoka laini, likanyooka,
hakimu akaliandika.

Miezi sita, jela ya Kakamega.

Sasa nimestaafu, nina kibanda cha sabuni na chumvi.
Ambetsa hupita asubuhi na baiskeli yake mwenyewe,
risiti, nasikia, huiweka kwenye mfuko wa shati.
Hunisalimu. Hajawahi kukosa kunisalimu.

Wiki jana binti yake alikuja kununua kipande cha sabuni.
Akahesabu chenji, akasita mlangoni.
"Nyanya, wewe si ulifanya kazi kotini?
Baba alifungwa na nani?"

Mvua ilikuwa imeanza tena.
Nikamjibu: na mimi.